Sura ya Nane: Kupima Mvua, Mteremko na Udongo

Mvua kubwa inaponyesha Endabash, katika Wilaya ya Karatu, maji hushuka kutoka mashambani yakiwa mekundu. Maji safi ya mvua hayana rangi. Je, wekundu huo umetoka wapi? Umetoka katika udongo wa shamba. Mkulima alilima na kupanda mahindi, maharage au mbaazi katika udongo huo. Sasa maji yanauchukua na kuupeleka bondeni.

Maji ya Wilaya ya Karatu hushuka kuelekea Ziwa Eyasi upande wa magharibi, na Ziwa Manyara upande wa mashariki. Maziwa yote mawili hayana mto unaotoka kwenda baharini. Udongo ukifika huko hutua chini ya maji na haurudi tena shambani. Njiani maji hayo hukata ardhi na kufanya makorongo. Korongo huanza kama mfereji mdogo ambao mtoto aweza kuuruka. Baada ya miaka kadhaa laweza kuwa refu na lenye kina kikubwa, hata ng'ombe na watu wakashindwa kulivuka.

Kuondolewa kwa udongo na maji au upepo huitwa mmomonyoko wa udongo. Mmomonyoko waweza kuzuiwa. Lakini mtu hawezi kuuzuia vizuri kwa kukisia tu. Ni lazima apime. Katika sura hii utapima mvua, utapima udongo unaochukuliwa na maji, na utapima mteremko wa ardhi. Utatumia hesabu ulizojifunza: eneo, ujazo, wastani na asilimia. Fanya majaribio haya pamoja na wenzako, katika vikundi vya wanafunzi watano au sita.

JARIBIO LA 1: Mvua ya shamba moja ni maji kiasi gani?

Vifaa: mkebe wenye kitako tambarare na kuta zilizosimama wima, kijiti chembamba kilichonyooka, rula, daftari.

Njia:
1. Chagua mahali peupe, mbali na miti na mapaa ya nyumba. Kwa nini mahali pawe mbali na miti?
2. Chimbia mkebe kidogo ardhini ili upepo usiuangushe. Mdomo wa mkebe uwe juu ya ardhi kiasi cha sentimeta 15, ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie.
3. Kila siku saa tatu asubuhi, chovya kijiti wima hadi kiguse kitako. Kitoe, kisha pima kwa rula sehemu iliyolowa. Usitumbukize rula yenyewe, kwa kuwa rula nyingi zina nafasi ndogo kabla ya alama ya sifuri.
4. Andika kipimo kwa milimeta. Mwaga maji na urudishe mkebe mahali pake.

Tuseme umepata milimeta 10. Kipimo hiki chaonekana kidogo sana, kwani ni sentimeta 1 tu. Lakini mvua haikunyesha juu ya mkebe peke yake. Ilinyesha juu ya shamba lote. Hebu tupige hesabu.

Chora ardhini mraba wenye pande za mita 1. Kila upande una sentimeta 100. Mvua ya kina cha sentimeta 1 juu ya mraba huu ina ujazo ufuatao:

100 × 100 × 1 = sentimeta za ujazo 10,000

Lita 1 ni sawa na sentimeta za ujazo 1,000. Kwa hiyo maji hayo ni lita 10. Yaani, mvua ya milimeta 10 huleta lita 10 juu ya kila mita ya mraba, na mvua ya milimeta 1 huleta lita 1. Ikariri kanuni hii, kwa kuwa utaitumia mara nyingi.

Ekari 1 ni karibu mita za mraba 4,000. Mvua ya milimeta 10 huleta juu ya ekari 1:

4,000 × 10 = lita 40,000

Pipa moja kubwa huchukua lita 200. Gawanya 40,000 kwa 200, utapata mapipa 200. Fikiri: mvua ya siku moja, ambayo katika mkebe ilikuwa sentimeta 1 tu, imemwaga mapipa 200 ya maji juu ya ekari moja! Kama ardhi ni laini na imefunikwa, sehemu kubwa ya maji hayo huzama na kunywesha mimea. Kama ardhi ni ngumu na iko wazi, maji mengi hutiririka. Maji yanayotiririka hayaendi peke yake, bali huchukua udongo.

JARIBIO LA 2: Je, majani yaliyofunika udongo huuzuia usichukuliwe?

Vifaa: masanduku mawili ya mbao yaliyo sawa kwa urefu, upana na kina, udongo wa shamba, nyasi kavu au mabua ya mahindi, mawe mawili yenye kimo sawa, mkebe uliotobolewa matundu madogo kitakoni, mabakuli mawili, chombo cha kupimia lita, kijiko.

Njia:
1. Kata ukingo wa upande mmoja wa kila sanduku, ili maji yapate mahali pa kutokea.
2. Jaza masanduku yote mawili udongo wa aina moja. Ushindilie kidogo kwa kiganja, kwa kiasi kilekile.
3. Funika udongo wa sanduku la pili kwa nyasi kavu. Sanduku la kwanza uliache wazi.
4. Inua upande wa nyuma wa kila sanduku kwa jiwe, ili masanduku yawe na mteremko sawa. Weka bakuli mbele ya kila mdomo.
5. Mwaga lita 2 za maji juu ya sanduku la kwanza kupitia mkebe wenye matundu. Fanya vivyo hivyo kwa sanduku la pili. Mkebe uwe katika kimo kilekile.
6. Tazama rangi ya maji katika kila bakuli. Pima kiasi cha maji yaliyotoka.
7. Acha mabakuli mpaka kesho yake. Udongo utatua chini. Mwaga maji polepole, anika udongo juani, kisha uhesabu ni vijiko vingapi.

Chora jedwali hili katika daftari lako na kulijaza:

Sanduku | Maji yaliyomwagwa | Maji yaliyotoka | Udongo uliotoka
La wazi | lita 2 | ....... | vijiko .......
Lililofunikwa | lita 2 | ....... | vijiko .......

Angalia kwamba mambo yote katika masanduku haya yalikuwa sawa isipokuwa jambo moja, yaani nyasi. Udongo ulikuwa wa aina moja, mteremko ulikuwa sawa, na maji yalikuwa sawa. Kama tungebadilisha mambo mawili kwa mara moja, tusingejua ni lipi lililoleta tofauti. Hii ndiyo kanuni ya majaribio yote ya sayansi.

Bila shaka umeona kwamba maji ya sanduku la wazi yalikuwa na matope mengi zaidi. Tone la mvua hupiga udongo ulio wazi kama nyundo ndogo. Hulegeza chembe za udongo, na maji yanayotiririka huzibeba. Penye nyasi, tone hupiga nyasi kwanza. Nguvu yake hupungua, nayo maji hupata nafasi ya kuzama.

Sasa tupige hesabu ya shamba zima. Tuseme maji yameondoa udongo wa kina cha milimeta 1 tu juu ya ekari 1. Milimeta 1 ni kama unene wa kucha. Je, udongo huo ni mwingi? Kumbuka kanuni yetu: kina cha milimeta 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo:

4,000 × 1 = lita 4,000 za udongo

Ndoo moja kubwa huchukua lita 20. Lita 4,000 ni ndoo 200. Mkulima atembeaye shambani mwake baada ya mvua hatatambua kwa macho kwamba kucha moja ya udongo imeondoka. Lakini kama ungemwambia azirudishe ndoo 200 kutoka bondeni, angetambua mara moja. Tena, udongo unaoondoka kwanza ni ule wa juu, wenye mbolea na mizizi mingi. Udongo huo huchukua miaka mingi sana kufanyika.

JARIBIO LA 3: Je, macho yaweza kupima usawa?

Njia moja ya kuzuia maji yasikimbie ni kujenga makinga maji, yaani matuta yanayokatiza mteremko. Maji yanapofika kwenye tuta husimama, huzama polepole, na udongo hutua hapo. Lakini tuta ni lazima lifuate mstari wa usawa. Mstari wa usawa, ambao huitwa pia kontua, ni mstari unaopita mahali penye kimo kimoja. Ukitembea juu ya mstari huo hupandi wala hushuki.

Je, waweza kuuona mstari huo kwa macho? Jaribu.

1. Nendeni kwenye mteremko ulio karibu na shule, pamoja na mwalimu wenu. Msikaribie ukingo wa korongo.
2. Chomekeni kigingi kimoja katikati ya mteremko. Kiiteni kigingi cha mwanzo.
3. Kwa kutumia macho tu, kila kikundi kichomeke vigingi 10 kuanzia hapo, kimoja kila baada ya mita 2, mahali mnapodhani ni usawa mmoja na kigingi cha mwanzo.
4. Fungeni kitambaa au uzi wa rangi kwenye vigingi hivyo. Viacheni hapo. Mtavihitaji katika Jaribio la 5.

Je, vikundi vyote vimepata mstari mmoja? Yamkini havikupata. Mtu akisimama mahali ambapo ardhi yote imeinama, macho yake hukosa kitu cha usawa cha kulinganisha. Hulinganisha na mlima ulio mbele, au na shamba la jirani, ambavyo navyo vimeinama. Kwa sababu hiyo twahitaji kifaa kisichodanganywa na mlima.

JARIBIO LA 4: Kutengeneza fremu ya A

Kitu kizito kikining'inizwa kwa kamba, kamba hunyooka kuelekea chini. Waashi huitumia kamba hiyo kupimia kama ukuta umesimama wima, nao huiita timazi. Timazi haidanganywi na mteremko. Kwa kutumia timazi na fito tatu waweza kutengeneza kifaa cha kupimia usawa.

Vifaa: fito mbili zilizonyooka, kila moja urefu wa mita 2 na sentimeta 10, ufito mmoja wa mita 1 na sentimeta 20, kamba za kufungia, uzi imara wa mita 1 na nusu, jiwe lenye ukubwa wa ngumi, futikamba, kalamu ya kutia alama. Mwombeni mtu mzima awakatie fito.

Njia:
1. Pimeni sentimeta 10 kutoka ncha ya juu ya kila ufito mrefu, mtie alama. Fungeni fito mbili pamoja penye alama hizo.
2. Tanueni miguu mpaka nafasi kati ya ncha za chini iwe mita 2 kamili.
3. Pimeni mita 1 kutoka chini ya kila mguu, mtie alama. Fungeni ufito mfupi ukatize kwenye alama hizo. Sasa fremu yafanana na herufi A.
4. Pimeni ufito mfupi kati ya alama mbili mlipoufunga. Je, ni mita ngapi? Linganisheni na nafasi iliyo kati ya miguu. Mtaona kwamba ni nusu yake. Katika kila pembetatu, mstari unaounganisha katikati ya pande mbili ni nusu ya upande wa tatu.
5. Fungeni uzi juu, mahali fito mbili zilipokutana. Fungeni jiwe kwenye uzi, lining'inie chini kidogo ya ufito mfupi. Uzi upite karibu na ufito huo bila kuugandamiza.

Kupata alama ya usawa:

Fito zenu hazikunyooka kabisa, na mafundo yenu si sawasawa. Kwa hiyo msidhani kwamba alama ya usawa iko katikati ya ufito mfupi. Itafuteni hivi:

1. Simamisheni fremu ardhini. Chomekeni kigingi kidogo mahali pa kila mguu, mguu ukae juu yake. Viiteni kigingi A na kigingi B.
2. Jiwe likitulia, tieni alama mahali uzi unapokata ufito mfupi. Hii ni alama ya kwanza.
3. Geuzeni fremu. Mguu uliokuwa juu ya A uwe juu ya B, na uliokuwa juu ya B uwe juu ya A. Tieni alama ya pili.
4. Pimeni nafasi kati ya alama mbili, mgawanye kwa 2. Hapo katikati tieni alama kubwa. Hiyo ndiyo alama ya usawa.

Mfano: nafasi kati ya alama mbili ni sentimeta 8. Nusu yake ni sentimeta 4. Alama ya usawa iko sentimeta 4 kutoka kila alama.

Kwa nini njia hii ni sahihi? Tuseme kigingi B kiko chini kuliko A. Mara ya kwanza uzi ulisogea upande mmoja kwa sababu ya mteremko. Mlipogeuza fremu, uzi ulisogea kwa kiasi kilekile upande wa pili. Katikati ya alama hizo ndipo uzi ungesimama kama A na B vingekuwa katika kimo kimoja. Kosa la upande huu na kosa la upande ule yamefutana. Tazameni basi: fremu iliyojengwa kwa fito zilizopinda kidogo yaweza kutoa kipimo cha kweli, iwapo mwenye kuitumia anajua hesabu.

JARIBIO LA 5: Kupata mstari wa usawa

1. Rudini kwenye mteremko. Wekeni mguu mmoja wa fremu penye kigingi cha mwanzo.
2. Mwenzenu asogeze mguu wa pili juu au chini ya mteremko mpaka uzi utulie juu ya alama ya usawa. Chomekeni kigingi hapo. Sehemu hizo mbili zina kimo kimoja.
3. Acheni mguu wa pili mahali pake. Zungusheni fremu ili mguu wa kwanza uwe mbele. Tafuteni tena usawa, mchomeke kigingi kingine.
4. Endeleeni hivyo mara 10. Kila hatua ya fremu ni mita 2. Kwa hiyo mtakuwa mmepima mita 20.

Sasa linganisheni vigingi hivi na vile vyenye kitambaa mlivyochomeka kwa macho. Pimeni kwa futikamba tofauti iliyopo penye kigingi cha mwisho. Kila kikundi kiandike kosa lake ubaoni. Tafuteni wastani wa makosa ya darasa zima. Msimcheke aliyekosa sana. Macho ya watu wote hudanganywa.

Kosa hili si jambo dogo. Tuseme tuta lina urefu wa mita 50, na ardhi iliyo juu yake, ambayo maji yake hushukia kwenye tuta, ina upana wa mita 12. Eneo lake ni mita za mraba 600. Mvua ya milimeta 40 ikinyesha, ni lita 24,000. Hata kama robo tu ya maji hayo itatiririka, ni lita 6,000, au mapipa 30. Tuta likiwa katika usawa, maji hayo hutandaa katika mita zote 50 na kuzama. Lakini kama sehemu moja ya tuta iko chini, mapipa yote 30 hukimbilia hapo. Tuta hubomoka, maji hutoka kwa nguvu mahali pamoja, na korongo jipya huanza. Tuta lililopimwa vibaya laweza kuleta hasara kubwa kuliko kutokuwa na tuta.

JARIBIO LA 6: Kupima ukali wa mteremko

1. Simamisheni fremu ikielekea moja kwa moja kutoka juu hadi chini ya mteremko.
2. Mguu wa juu ukae ardhini. Inueni mguu wa chini polepole mpaka uzi utulie juu ya alama ya usawa.
3. Pimeni kwa rula nafasi iliyo kati ya mguu ulioinuliwa na ardhi.
4. Rudieni mahali patatu, kisha mtafute wastani.

Mfano: vipimo vitatu ni sentimeta 14, 18 na 16. Jumla ni 48. Wastani ni 48 ÷ 3 = sentimeta 16. Nafasi kati ya miguu ni mita 2, yaani sentimeta 200. Kwa hiyo ardhi hushuka sentimeta 16 katika kila sentimeta 200:

16/200 = 8/100 = asilimia 8

Mteremko wa asilimia 8 maana yake ni kwamba ukienda mita 100 kwa usawa, ardhi hushuka mita 8.

Asilimia hii hutusaidia kupanga nafasi kati ya matuta. Tuseme bwana shamba ameagiza kwamba kila tuta liwe chini ya lile la juu yake kwa kimo cha mita 1. Katika mteremko wa asilimia 8, ardhi hushuka mita 8 katika mita 100. Itashuka mita 1 katika mita 100 ÷ 8 = mita 12.5. Hiyo ndiyo nafasi kati ya matuta. Angalieni jedwali:

Mteremko | Nafasi kati ya matuta
Asilimia 4 | mita 25
Asilimia 5 | mita 20
Asilimia 8 | mita 12.5
Asilimia 10 | mita 10
Asilimia 20 | mita 5

Je, mteremko ukiwa mkali zaidi, matuta hukaribiana au huachana? Kwa nini? Kumbukeni kwamba kimo kinachofaa hutegemea aina ya udongo, mvua na mteremko wenyewe. Kabla ya kujenga tuta la kweli, mwulizeni bwana shamba au bibi shamba wa kata yenu.

Watu waliopima ardhi kabla yetu

Kupima usawa ni elimu ya zamani. Wajenzi wa Misri ya kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walitumia fremu ya mbao yenye umbo la herufi A na timazi, kama hii mliyoitengeneza.

Hapa Tanzania, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kaskazini-mashariki ya nyanda za juu za Ngorongoro, kuna magofu ya Engaruka. Wakulima waliishi hapo tangu karibu karne ya 15 hadi ya 18. Walipanga mawe kuwa kingo za mashamba, wakachimba mifereji kuleta maji kutoka katika vijito vya mlimani. Mashamba yao yalienea kama hekta 2,000. Mfereji ukiwa na mteremko mkali mno, maji huubomoa. Ukikosa mteremko, maji hayaendi. Kwa hiyo watu wa Engaruka walijua kuutambua mteremko mdogo sana, ingawa hawakuwa na bomba wala mashine.

Katika milima ya Mbulu, kusini mwa Karatu, Wairaqw wamejulikana tangu zamani kwa kilimo cha kutia samadi na kuzuia udongo katika miteremko. Nako Kondoa, katika Mkoa wa Dodoma, mmomonyoko ulikuwa mkubwa hata Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa, ili nyasi na miti ipate kuota tena. Kuondoa mifugo ni jambo zito kwa wafugaji. Ni afadhali kuuzuia udongo mapema, wakati mfereji ungali mdogo, kuliko kungoja mpaka ardhi iharibike.

Mambo ya kukumbuka

1. Mvua ya milimeta 1 huleta lita 1 ya maji juu ya kila mita ya mraba.
2. Udongo uliofunikwa kwa nyasi au mabua huchukuliwa na maji kidogo kuliko udongo ulio wazi.
3. Katika jaribio, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja.
4. Mstari wa usawa hupita mahali penye kimo kimoja. Makinga maji ni lazima yaufuate.
5. Macho hudanganywa na mteremko, timazi haidanganywi.
6. Asilimia ya mteremko ni kimo ambacho ardhi hushuka, kwa mita, katika kila mita 100 za usawa.

Maswali

1. Paa la darasa lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, likipimwa kwa usawa. Mvua ya milimeta 15 imenyesha. Ni lita ngapi zimeanguka juu ya paa? Zitajaza mapipa mangapi ya lita 200?
2. Wanafunzi walipima mvua kwa siku tano, wakapata milimeta 12, 0, 7, 25 na 6. Tafuta jumla na wastani wa siku moja.
3. Maji yameondoa milimeta 2 za udongo katika shamba la ekari 3. Ni ndoo ngapi za lita 20?
4. Alama mbili za uzi kwenye ufito wa fremu zina nafasi ya sentimeta 11 kati yao. Alama ya usawa iko wapi?
5. Mguu wa chini wa fremu uliinuliwa sentimeta 24 ili uzi ufike kwenye alama ya usawa. Mteremko ni asilimia ngapi? Kama kila tuta lapasa kuwa chini ya lingine kwa mita 1, wanafunzi waache nafasi ya mita ngapi kati ya matuta?
6. Mwenzako anasema, "Shamba letu halipungui udongo, kwa kuwa sijaona likipungua." Mjibu kwa hesabu.

Kazi ya kufanya nyumbani

Tembea kandokando ya shamba la wazazi wako au la jirani, baada ya kuomba ruhusa. Tafuta mahali maji yameanza kukata mfereji. Pima upana na kina chake kwa rula, uandike tarehe. Chomeka kijiti kila upande ili ukumbuke mahali. Pima tena hapo kila baada ya mvua kubwa, mpaka mwisho wa muhula. Chukua vipimo vyako shuleni. Ukiona mfereji unakua, waonyeshe wazazi wako tarakimu hizo, na uwaeleze jinsi fremu ya A inavyotengenezwa. Fito tatu, uzi na jiwe hupatikana katika kila kijiji.